Moja, mbili, tatu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ni mtu gani asiyekujua aliyekutendea jambo ambalo mpaka leo hujaweza kulilipa?" Wangu alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili. Jina lake nalijua, ila siliandiki kwa kuwa sikumwomba ruhusa.

Mama yangu alipatwa na kiharusi mwaka 2018, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Mimi nauza vitumbua Ngamiani, Tanga mjini, na nazi ile ilikuwa yangu. Upande wa kulia ulikufa wote, mdomo ukaenda kando, maneno yakaisha. Daktari alitueleza kwamba ubongo wa kushoto ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio huohuo wenye kazi ya lugha, kwa hiyo vitu hivyo viwili mara nyingi huondoka pamoja. Akasema pia kwamba kukosa maneno si kukosa akili. Hilo la mwisho hatukulisikia. Tuliondoka pale tumeelewa kwamba mama hayupo.

Basi tukawa tunazungumza kitandani pake kama watu waliokaa kwenye baraza. Kaka zangu, mmoja kichwani mmoja miguuni, wakabishana juu ya minazi ya Pongwe: iuzwe au isiuzwe, na nani ashike hela. Shangazi akauliza kama sanda ipo nyumbani au ikanunuliwe. Wengine walimpigia kelele sikioni utadhani ni kiziwi. Nami nilikuwemo, sijitoi. Hata sista wa zamu nilipomuuliza kitu alinijibu, "Huyo hasikii, mama, usijichoshe." Simlaumu sana. Wodi nzima ilikuwa juu yake usiku ule, na dripu haingoji.

Yule binti alikuja saa 11 alfajiri, amebeba beseni na taulo begani. Lafudhi yake ya milimani, Lushoto huko. Hakunisalimia mimi kwanza. Aliinama mpaka uso wake ukawa usawa na wa mama, akasema, "Bibi, shikamoo. Nimekuja kukuosha. Maji ni ya uvuguvugu, naanza na uso." Akanyamaza kidogo. Nilidhani anasubiri mimi nijibu, kumbe anamsubiri mama. Ikawa hivyo mpaka mwisho: sasa naosha mkono, sasa nafunua kifua, dada atakushikia kanga usionekane. Mama aliyelala siku 4 akikunjuliwa kama jamvi, leo anaombwa ruhusa.

Kisha akamwekea vidole katika kiganja cha kushoto. "Bibi, ndiyo ubane mara 1, hapana ubane mara 2. Wewe ni mwanamume?" Mama akabana mara 2. Binti akasema, "Uwii, kwa hasira kabisa," akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakumbuka sanda.

Mgonjwa asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2, maana mifupa ya nyonga, kisigino na mwisho wa mgongo ikikandamiza ngozi muda mrefu, damu haipiti na kidonda huanzia ndani kabla hujakiona. Hilo alinifundisha yeye. Tulishika shuka, yeye mabegani mimi miguuni, akahesabu: "Moja, mbili, tatu…"

"Nne," akasema mama.

Safi, kama mtu anayehesabu chenji. Nikaachia shuka. Nikamwita, "Mama! Sema Mwanahawa!" Akajaribu, ikatoka sauti tu, machozi yakamjaa. Binti akanigusa mkono, akaniambia nisimlazimishe. Alisema kuhesabu, sala na nyimbo, vitu ambavyo mtu amevirudia maisha yake yote, wakati mwingine hubaki hata maneno ya kutunga yakipotea. Nikaanza Alhamdu taratibu, nikakatisha katikati. Mama akaendelea, mdomo umepinda vilevile, akaifikisha mwisho. Binti ni Mkristo. Alisimama na beseni lake mpaka tukamaliza.

Mchana ule niliwatoa kaka zangu nje, chini ya mwarobaini, nikawaambia: kila mlilosema amelisikia. Mkubwa alirudi ndani peke yake, akakaa kwenye kiti bila neno mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Habari za minazi hazikuzungumzwa tena.

Nije kwenye deni. Binti alirudi alfajiri tatu zaidi, ilhali kuogesha kitandani mwalimu alishamsainia daftarini siku ya kwanza. Niliona saini kwa macho yangu. Tuliporuhusiwa kurudi nyumbani, nikapika vitumbua ndoo nzima, vya hiliki, nikapanda bajaji kumpelekea. Nikaambiwa wanafunzi wameshahama, wako kwenye zahanati za vijijini. Wodini nilimkuta sista yuleyule wa "hasikii". Nikampa ndoo. Akauliza ni ya nani, nikamweleza habari yote, na ile nne.

Akafunua kifuniko, akakaa anatazama vitumbua. "Na mimi nilikuwa hivyo," akasema, "nilipokuwa mwanafunzi." Akachukua kimoja, akala amesimama, akajifuta mikono. Kitanda cha dirishani walikuwa wanamwita. Alipofika nikamsikia akisema, "Shikamoo bibi. Nimekuja kukuangalia dripu."