Klachi inalia: sikiliza pedeli kabla ya kushusha injini

Safari hii tunajibu maswali ya klachi peke yake, maana ndiyo yaliyojaa, na karibu yote yametoka kwa wenye magari ya miaka ya 60 na 70.

Beetle yangu ya 1972 inakoroma kwenye foleni ya Barabara ya Mandela. Fundi anasema ni rilizi beringi, tushushe injini. Nitahakikishaje? (Tabata)

Usishushe kitu kwanza. Rilizi beringi (inayosukuma klachi iachie unapokanyaga pedeli), beringi ya shafti ya giaboksi na pailoti beringi (inayoshika ncha ya shafti hiyo upande wa injini) zote zinalia eneo lile lile, na hata fundi mwenye sikio zuri anaweza kuzichanganya. Kinachozitenganisha ni mahali pedeli ilipo wakati kelele inapoanza au inapokoma.

Simamisha gari pa tambarare, vuta hendibreki, weka mawe kwenye matairi, acha injini ipate moto na ikae sailensa (iunguruma bila kukanyaga mafuta), gia ikiwa frii. Beetle ina feni yenye makelele yake, kwa hiyo mtu wa pili achuchumae karibu na tairi la nyuma asikilize.

Kwanza, mguu usiguse pedeli kabisa. Hapa shafti ya giaboksi inazunguka na injini, lakini rilizi beringi imetulia haifanyi kazi. Ikilia hapa, kumbuka kelele hiyo ilivyo.

Pili, bonyeza pedeli kwa mkono, taratibu, mpaka ulegevu uishe na uhisi ugumu wa kwanza, kisha ishia hapo. Klachi bado haijaachia. Rilizi beringi sasa imegusa presha pleti (sahani inayobana klachi) na imeanza kuzunguka. Kelele ikianza hapa na kuongezeka kadiri unavyokanyaga, fundi wako yuko sahihi. Lakini kama kulikuwa na mgongano mdogo mdogo ambao umenyamaza kwa mguso huu tu, beringi yenyewe huenda ni nzima: klipu zinazoishika kwenye uma (mkono unaoisukuma) zimelegea au zimekatika, au bushi za shafti ya uma zimelika.

Tatu, kanyaga mpaka chini na subiri. Shafti ya giaboksi inapunguza mwendo hadi kusimama. Kelele ya hatua ya kwanza ikipotea sasa ndipo, si mapema, tatizo liko ndani ya giaboksi.

Mwisho, mtu wa pili atoke, na mbele na nyuma ya gari pasiwe na mtu. Pedeli ikiwa chini na breki umekanyaga, ingiza gia ya kwanza. Sasa shafti imesimama kabisa ilhali flaiwili (gurudumu zito la injini) inazunguka, na hapo ndipo pailoti beringi inapofanya kazi kwa ukamilifu. Kelele ikijitokeza hapa tu, ni yake. Kwenye Beetle imo ndani ya nati kubwa inayofunga flaiwili, ni ya vipini vidogo, na ikikaushwa grisi hulia kwa sauti kali nyembamba.

Ukibaki na shaka, chukua bisibisi ndefu, ncha yake iguse giaboksi karibu na shafti ya uma, mpini uuweke sikioni. Rudia hatua zote. Kazi nzima haichukui robo saa.

Yangu inalia mguu ukiwa juu, nikikanyaga mpaka chini inanyamaza. Nibadilishe rilizi? (Kinondoni)

Hapana, hiyo ni giaboksi. Kabla ya kuifungua, angalia oili. Kwenye Beetle plagi ya kujazia inafunguliwa kwa alenki ya mm 17, na oili inatakiwa kufika ukingo wa chini wa tundu. Legeza plagi ya kujazia kwanza, ndipo ufungue ya kumwagia: ukiishamwaga halafu ya juu ikagoma, gari haliendi popote. Weka SAE 90 ya daraja la GL-4, lita 2.5 hivi. Ukiona vipande vya chuma kwenye oili ya zamani, oili mpya haitaiponya.

Nimenunua rilizi beringi Gerezani kwa ajili ya Beetle ya 1969. Muuzaji anasema ni ya Beetle, fundi anasema haikai. Nani mkweli? (Magomeni)

Wote. Kuna aina mbili. Hadi 1970 beringi ilishikwa na uma peke yake, na presha pleti ilikuwa na pete ya katikati ambayo beringi inaisukuma. Kuanzia 1971 beringi inateleza juu ya bomba linalozunguka shafti, na presha pleti yake haina pete hiyo. Beringi ya aina moja na presha pleti ya aina nyingine hazifai: itakaa upande, italia, na italika kabla ya wakati wake.

Usiamini mwaka ulio kwenye kadi. Beetle nyingi hapa mjini zimebadilishwa giaboksi zaidi ya mara moja. Injini ikiwa chini, chungulia kwenye shafti ya giaboksi: kuna bomba au hakuna? Jibu hilo ndilo uende nalo dukani, pamoja na beringi ya zamani na presha pleti yenyewe mkononi.

Nilibadilisha klachi nzima, na beringi mpya imeanza kulia tena baada ya muda mfupi. Spea feki? (Mbagala)

Huenda, ila feki inasingiziwa mengi. Tunaanza na ulegevu wa pedeli. Kwenye gari ambalo klachi inavutwa kwa waya kama Beetle, pedeli iende mm 10 hadi 20 kabla ya kukutana na ugumu. Pima kwa rula, usikisie. Ikiwa haina ulegevu, beringi inazunguka tangu unawasha gari hadi unazima, na klachi yenyewe itaanza kuteleza. Unarekebisha kwa nati ya masikio iliyo mwisho wa waya, kwenye mkono wa klachi upande wa giaboksi. Klachi pleti (sahani ya msuguano) inavyolika ulegevu unapungua, kwa hiyo upimaji ni wa kurudia.

Kwenye gari ambalo klachi inasukumwa kwa mafuta badala ya waya, masta ya juu (pampu iliyo kwenye pedeli) isiporudi vizuri huacha presha ndani, na matokeo ni yale yale.

Kisha dereva. Kukaa kwenye foleni gia ikiwa ndani na mguu umekandamiza klachi kunaua beringi kuliko kilomita. Weka frii, achia pedeli.

Kama hayo yote yako sawa, kagua vidole vya presha pleti, yaani ndimi zake za katikati. Kimoja kikiwa chini kuliko vingine, beringi inasukumwa upande kila mzunguko. Boliti za presha pleti hufungwa kwa msalaba, kila moja zamu kidogo kidogo, na za M8 za Beetle zinaishia Nm 25. Anayekaza moja hadi mwisho kisha kuhamia ya pili anapinda kava ya presha pleti.

Masika nilipita kwenye maji Jangwani na Datsun. Klachi ikaanza kulia, fundi akashusha, akaiosha beringi kwa petroli na kuipaka grisi. Ilinyamaza kidogo tu. (Ilala)

Kuosha ndiko kulikoimaliza. Beringi hii imefungwa na grisi yake ndani kiwandani. Petroli, au mafuta ya taa, inapenya kwenye sili na kuitoa, na grisi unayopaka nje haiingii kwenye gololi. Futa kwa kitambaa kikavu tu. Ukiizungusha kwa vidole iende laini yenye uzito kidogo. Ikikwaruza au ikizunguka huru bila uzito wowote, tupa.

Grisi ina mahali pake: tone kwenye sehemu uma unapogusa, filamu nyembamba ndani ya kola ya beringi na kwenye meno ya shafti. Ikizidi itarushwa kwenye klachi pleti na gari litaanza kuruka ruka linapoondoka.

Kwa kuwa maji yaliingia, fungua pia oili ya giaboksi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage leo.

Beringi ya MGB yangu haina gololi, ni kipande cheusi. Fundi anataka kukipaka grisi. (Oysterbay)

Mzuie. Hiyo ni kaboni, inafanya kazi kwa kusuguana ikiwa kavu. Kinachotazamwa ni kimo chake: kaboni ikikaribia kulingana na kikombe cha chuma kinachoishika, badilisha, maana ikiisha ni chuma juu ya chuma na presha pleti inakwenda nayo. Zipo za gololi za kubadilishia. Sisi tungebaki na kaboni ikiwa dereva hana tabia ya kuegesha mguu kwenye pedeli, maana haina sili ya kuvuja wala gololi za kukauka.

Naweza kwenda nayo Bagamoyo na kurudi ikiwa inalia? (Tegeta)

Ikilia kidogo pedeli inapoguswa tu, ndiyo, kwa mguu mwepesi. Ikikwaruza, au pedeli ikitetemeka chini ya mguu, usiende. Beringi ikiganda inakata vidole vya presha pleti, na ukibaki bila klachi njiani hata kuingiza gia ni shida.

Land Rover Series III: kwa nini fundi anataka kung'oa viti ili abadilishe beringi ya klachi? (Kigamboni)

Kwa sababu giaboksi yake inatolewa kupitia ndani. Sakafu inatoka, sanduku la viti linatoka, kisha giaboksi inanyanyuliwa kwa winchi. Hakuibii. Kwa kuwa kazi ni kubwa kiasi hicho, usibadilishe beringi peke yake: weka klachi pleti, presha pleti na ile bushi ya shaba inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Bushi iloweke kwenye oili ya injini usiku kucha kabla ya kuigonga ndani, na uma ukaguliwe kama umelika mahali unaposhika kola. Boliti za sakafu za magari ya Kigamboni huwa zimeliwa na chumvi, kwa hiyo nunua mpya kabla fundi hajaanza.