Gari la kuuza litengenezwe, lisipakwe rangi tu

Toyota Probox ya injini ya 1NZ ikifika gereji ikitoa moshi, wengi hukimbilia njia ya mkato: wanamwaga oili, wanatia nzito ya 20W-50 na chupa ya dawa ya kuzuia moshi. Moshi unatulia kwa muda, gari linauzwa, kisha linaanza kula oili hadi injini inaanza kugongagonga, mnunuzi akiwa safarini. Huo ni wizi, hata kama pesa zililipwa kwa hiari.

Kazi ya haki huanza na kupima. Moshi wa bluu unaotoka gari likiwashwa asubuhi kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu, na hizo hubadilishwa bila kushusha injini. Ukitoka gari likivuta mlima, shuku ringi za pistoni. Pasha injini moto, toa plagi zote, zima petroli, kanyaga aksileta hadi chini, upime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda moja moja. 1NZ nzima hutoa karibu psi 213 (psi ni kipimo cha shinikizo). Chini ya 156 imechoka, na silinda zisipishane kwa zaidi ya 14. Ile iliyo chini itie kijiko kidogo cha oili, upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini. Andika namba hizo, mnunuzi azione.

Hapa Kisumu kuna tabia ya kutoa themostati, valvu inayodhibiti joto la maji ya injini, kwa sababu ya joto. Tabia mbaya sana kwa gari la kuuza, kwa kuwa inaficha rejeta iliyoziba na gasketi iliyoanza kuungua. Tena injini haifikii joto lake, kwa hiyo kompyuta inaendelea kumwaga petroli kana kwamba ndiyo kwanza limewashwa. Rudisha themostati, tia kulanti na maji safi nusu kwa nusu, toa hewa yote, kisha panda kilima cha Riat na eisii (kiyoyozi) ikiwa imewashwa. Chomeka mashine ya kusomea hitilafu usome joto lenyewe, maana magari mengi ya siku hizi yana taa tu, na taa hiyo huwaka umeshachelewa. Likichemka, usiliuze hivyo. Fungua hedi, iwekee rula ya chuma iliyonyooka na upitishe fila geji, vile bati vyembamba vya kupimia nafasi; nafasi ikizidi milimita 0.05, hedi iende kwa mashine ikakwanguliwe. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haidumu, na fundi aliyeifunga anajua.

Kwenye bodi, kutu ya chini ya milango isizibwe kwa puti. Puti hunyonya maji na kutu inaendelea kula ndani, rangi ikianza kuvimba mvua za kwanza tu. Kata mpaka ufikie chuma kizima, chomelea bati, paka praima ya kuzuia kutu, ndipo puti nyembamba ya kulainisha. Mnunuzi akija na sumaku, mwache apitishe popote anapotaka.

Taa za dashibodi: ukiwasha swichi kabla ya kustati, ya injini, ya ABS (breki) na ya mkoba wa hewa ziwake, kisha zizime zenyewe: ya injini ikishika, hizo nyingine baada ya sekunde chache. Isiyowaka kabisa huenda imetolewa balbu au imeunganishwa na nyingine, na hapo unacheza na maisha ya mtu. Kilomita za kwenye mita usiziguse.

Injini ikiwa ilibadilishwa, hakikisha namba yake imesajiliwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla hujatangaza gari, la sivyo uhamisho wa umiliki utakwama na mnunuzi ameshakulipa.

Si lazima utengeneze kila kitu. Kama bushi za mbele zimekwisha na hutaki kuzigusa, ziandike kwenye karatasi ya mauzo na upunguze bei. Mteja ana fundi wake mtaani Kondele atakayezibadilisha kwa bei wanayoelewana.