Mafuta kwenye seli za uboho

SWALI: Tunakuza seli mama za uboho (zinazoweza kugeuka seli za mafuta) kwenye labo hapa Bukavu. Tukitia asetilisisteini (dawa ya unga) kuzuia mafuta, zinakufa zote. Kwa nini? – Mwanafunzi, Kadutu

JIBU: Ndugu, tazama rangi ya maji ya kukuzia. Yakigeuka manjano, kinachoua ni asidi. Unga huo ni mchachu sana: uyeyushe, uurudishe kwa soda kostiki hadi pH (kipimo cha uchachu) 7.4, uchuje, ndipo utie milimola 1 hadi 5 kwa lita. Tengeneza siku ileile. Ukilala huharibiwa na hewa.

Baada ya siku 14, paka Oil Red O, rangi inayofanya mafuta yawe mekundu. Lakini hesabu viini vya seli kwanza (wengi husahau): matone mekundu hupungua pia seli zikiwa zimekufa tu.