Protini kwenye mkojo wa mbwa mwenye limfoma: msihukumu kwa bandeleti

Wadogo zangu mnaoanza staji ya udaktari wa wanyama hapa Lubumbashi, kuna swali mtaulizwa kabla hata hamjavua glavu: "Docta, atabakia na siku ngapi?" Mbwa ni mlinzi wa parseli, anashukiwa limfoma (saratani ya seli za kinga za mwili), mitoki imemvimba chini ya taya, mbele ya bega na nyuma ya goti, na bandeleti ya mkojo, kile kijiti kinachobadilika rangi, imeonyesha protini misalaba miwili (++). Mkijibu kwa kutazama ile misalaba, mnabahatisha.

Bandeleti hushika zaidi albumini, aina moja ya protini, na haijui mkojo ni mzito au mwepesi kiasi gani. Msalaba mmoja kwenye mkojo mzito, wenye densiti ya 1.045, pengine si kitu. Kwenye mkojo mwepesi wa 1.010 ni jambo la kufuatilia. Mkojo wenye alkali nao hudanganya. Kwa hiyo refraktometa kwanza, chombo cha kupima uzito huo wa mkojo, halafu mwombe labo ipime protini na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) ya mkojo uleule, mgawanye ya kwanza kwa ya pili. Tuseme protini ni gramu 1 kwa lita. Kreatinini ikiwa gramu 2.5, jibu ni 0.4, bado liko mpakani. Kreatinini ikiwa gramu 0.5, jibu ni 2, na hapo figo zinahusika kwelikweli. Chini ya 0.2 ni sawa, juu ya 0.5 ni protini nyingi. Labo za hospitali za binadamu mara nyingine huandika kreatinini kwa milimoli: zidisheni kwa 0.113 mpate gramu, la sivyo hesabu yote ni bure.

Kabla ya hesabu hiyo, tazameni mashapo ya mkojo kwa mikroskopu. Damu nyingi, usaha au bakteria vikiwemo, protini inaweza kuwa imetoka kwenye kibofu. Mbwa anayetibiwa kwa siklofosfamidi, dawa ya saratani, anaweza kukojoa damu bila maambukizi yoyote, kwa sababu dawa yenyewe huchoma kibofu. Kuhusu kukinga mkojo: upawa safi wenye mpini mrefu unashinda kikombe, maana mbwa akikuona umeinama karibu naye anakatisha. Acheni matone ya kwanza yapite.

Halafu kuna kupe. Huku kwetu mbwa mwenye mitoki na protini anaweza kuwa na erlikia tu, ugonjwa wa bakteria unaoletwa na kupe na unaotibika kwa doksisiklini. Ili kutofautisha, chomeni sindano mvute seli kwenye tezi iliyovimba ya nyuma ya goti au ya mbele ya bega. Ya chini ya taya huvimba hata kwa meno mabovu. Zipakeni kwenye kioo, mtie rangi ya Giemsa, mtazame kwa mikroskopu. Seli kubwa changa zikizidi nusu, mna sababu nzuri ya kusema limfoma. Na ulizeni, kwa upole lakini mara mbili, kama mbwa ameshapewa kotizoni. Wengi hununua famasi wenyewe. Kotizoni hupunguza uvimbe, huficha ugonjwa, hupandisha protini ya mkojo, na hufanya dawa za saratani zisishike vizuri baadaye.

Sasa lile swali la siku. Limfoma inaweza kuleta protini kwenye mkojo, lakini protini peke yake haiwaambii mbwa ataishi muda gani. Kinachosema zaidi ni aina ya seli za kinga zilizoshikwa na saratani (za B kwa kawaida zina matumaini kuliko za T), kama mbwa bado anakula na kucheza au ameshadhoofika, na kama kalsiamu ya damu imepanda. Kalsiamu ndiyo ningeikimbilia: huharibu figo haraka. Bila tiba, wengi hufa ndani ya wiki 4 hadi 6. Kwa prednisoloni pekee, ambayo ni aina ya kotizoni, huishi mwezi 1 au 2. Kwa dawa kamili za saratani, zikiwemo vinkristini na doksorubisini, mbwa mwenye limfoma ya seli B mara nyingi huishi karibu mwaka mmoja, kama familia inaweza gharama.

Protini ikibaki juu, rudieni kipimo baada ya wiki 2, mpime presha na kreatinini ya damu. Mwenye mbwa mwambieni hivi: "Figo zake tunazichunga pembeni, tukijua aina ya seli, ndipo tutazungumza muda." Kisha andikeni kwenye fishi tarehe ya kotizoni ya mwisho.