Ukiajiriwa kwenye shirika la uhifadhi huku Nyanda za Juu Kusini

Siku ya kwanza kazini nilivaa kaki juu mpaka chini, mfukoni nina kijidaftari cha kuorodheshea wanyama. Ofisi ilikuwa Mbeya mjini, vyumba vinne, kimoja kimejaa gambuti na mahema yaliyoota ukungu. Nilitegemea kukabidhiwa darubini. Nikakabidhiwa ufunguo wa stoo, kitabu cha masurufu na karatasi yenye namba za simu za watendaji wa vijiji. Mkurugenzi, ambaye kila mtu alimwita Mama, hata wakubwa wa wilayani, aliitazama ile kaki akasema, "Kesho vaa shati la kawaida mwanangu. Ukienda hivyo kijijini watajua umekuja kukamata mtu."

Mwaka huu natimiza miaka kumi na mmoja kwenye kazi hizi, nusu Mbeya, nusu Iringa, na kila msimu tunapokea vijana wapya kutoka chuoni. Wanakuja kwa ajili ya wanyama, na hilo halina ubaya. Lakini mwezi hauishi wanaanza kunong'ona jikoni kwamba viongozi wetu hawaendi porini, kutwa wako kwenye simu, kwenye korido za halmashauri, kwenye misiba. Nami nilinong'ona hivyo hivyo, kwa sauti kubwa kuliko wenzangu.

Chukua kipunji, kima adimu wa misitu ya huku, maana ndiye anayetulisha. Mnyama ni mali ya umma, dhamana ya serikali. Msitu wa Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ukivuka kuingia msitu wa Livingstone umeingia Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, hapo mwenyewe ni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kati ya misitu hiyo miwili kuna ushoroba mwembamba wa Bujingijila, njia ya wanyama, na kandokando yake mashamba ya watu. Ardhi ya kijiji ina halmashauri yake na mkutano mkuu wake. Utafiti una COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na ukigusa wanyamapori kuna TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Sasa tafuta kilichobaki kwa mkurugenzi wako. Gari lililonunuliwa na mfadhili, kompyuta mbili, na neno lake. Hana bunduki wala pingu, hawezi kumtoa mtu msituni wala kumruhusu kuingia. Kazi yake yote ni kuomba, na anayeomba hukubaliwa pale tu anapofahamika.

Ndiyo maana anakwenda misibani. Msiba wa Kinyakyusa unaujua au utaujua: watu hawaji kusaini kitabu cha rambirambi na kuondoka. Nilimpeleka Mama kwenye msiba mmoja upande wa Mwakaleli, mvua inanyesha, nikidhani tutakaa nusu saa. Akavua viatu, akajifunga kanga, akaenda kukaa na wanawake waliokuwa wanamenya ndizi. Vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Hakutaja msitu hata mara moja. Nilikaa na wanaume kwa muda wa saa nne nikitazama saa, nikifikiria ripoti ya robo mwaka iliyokuwa inatusubiri mezani. Sisemi kwamba alikwenda pale kutafuta kitu. Alikuwa anamfahamu marehemu tangu shamba lao lilipokuwa na miche yetu. Ninachosema ni kwamba usiku ule ripoti aliiandika yeye, mpaka saa nane, wala hakunikumbusha.

Kwa hiyo anza na salamu. Rungwe utasikia "Ugonile", ujibu "Ndaga". Ukihamia Iringa, "Kamwene" itakufungulia mlango kabla ya barua ya utambulisho. Barua nayo beba, na pitia ofisi ya kijiji usaini kitabu cha wageni hata kama unapita tu kwenda kubadilisha betri ya kamera. Kijana asiyesaini anamtafutia mkurugenzi wake simu ya saa mbili usiku kutoka kwa mtendaji.

Nifike kwenye kosa langu. Mwaka wangu wa pili nilitumwa peke yangu kwenye mkutano wa kijiji kueleza mpango wa kupanda miti ya asili kwenye ushoroba. Nilieleza vizuri, nilikuwa najisikia. Mzee mmoja akasimama akasema, "Mwanangu, miti tumekusikia. Shule yetu watoto wanakaa chini." Ukumbi mzima ukanitazama. Nikasema neno moja: "Tutaliangalia." Kwa akili yangu lilikuwa neno la kuondokea. Katibu wa mkutano akaliandika kwenye muhtasari: shirika limekubali kuangalia suala la madawati.

Miezi saba baadaye Mama akaenda kwenye mkutano wa kijiji hichohicho kuomba idhini ya kitalu cha miche. Muhtasari ukafunguliwa, ukasomwa kwa sauti. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, natamani ardhi ipasuke. Angeweza kusema kijana alikosea, na lingekuwa kweli. Alisimama akasema, "Aliyesema ni mtu wangu, basi nimesema mimi. Madawati hatuna. Fedha tulizonazo zimekuja kwa ajili ya miti, nikizinunulia madawati nimeiba. Poleni kwa kusubiri." Akakaa. Watu waligunaguna, kitalu hakikupitishwa siku ile. Kilipitishwa mkutano uliofuata, kwa masharti kwamba wanaomwagilia wawe wa kijiji hicho, na kila ahadi iletwe kwa maandishi yenye mhuri. Kwenye gari hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimekula.

Tangu hapo sina neno "tutaliangalia". Nasema, "Hilo siwezi kulijibu mimi, nitalifikisha, na jibu litaletwa hata likiwa hapana." Halafu nalifikisha kweli. Kijijini "hapana" inavumiliwa, kinachochosha watu ni ukimya.

Jambo jingine mgeni analokosea ni kudhani ujuzi uko ofisini. Kipunji alijulikana na wawindaji na wazee wa Rungwe muda mrefu kabla ya chuo chochote kumjua, na jina lake ni la Kinyakyusa. Timu ya mtafiti Tim Davenport wa WCS, shirika la kimataifa la uhifadhi wa wanyamapori, ilianza kwa kusikia habari zake kwa wenyeji, na tatizo likawa kwamba hadithi za huku zina wanyama wa kweli na wa kufikirika wakitembea pamoja, hivyo haikuwa rahisi kujua huyu ni wa kundi gani. Walimwona mwaka 2003. Mwaka uliofuata Trevor Jones na wenzake wakamkuta msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, bila timu hizo mbili kujua kwamba zinamfuata mnyama mmoja. Mwaka 2005 akatangazwa kwa pamoja, na 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Hesabu iliyochapishwa 2008 ilimkadiria kwa idadi ya 1,117 tu, dunia nzima, yaani misitu yetu hii. Kwa hiyo mzee anayekuongoza msituni akisimama ghafla na kuinua mkono, nyamaza. Huenda ameshasikia ule mlio unaofanana na honi na kubweka kwa pamoja, wewe bado unatafuta programu kwenye simu. Na jina lake liingie kwenye ripoti. Mkurugenzi mzuri utamtambua hapo: akipeleka wageni wa mfadhili msituni, anayetambulishwa kwanza ni kiongozi wa njia.

Iringa nilikuta shida ya aina nyingine. Huku ni tembo na simba, pembezoni mwa Ruaha, na watu wamepoteza mahindi, ng'ombe, na mara nyingine ndugu. Ukishuka kwenye gari lenye nembo ya mnyama mlangoni, wewe ni serikali, utake usitake. Utaulizwa kifuta jasho. Jifunze kanuni zake kabla hujatoka ofisini: kifuta jasho ni cha mazao na mifugo, kifuta machozi ni cha aliyejeruhiwa au kufa, na vyote vinatolewa na wizara kupitia kwa afisa wanyamapori wa wilaya, siyo shirika. Ukijua hivyo unaweza kumsaidia mtu kujaza fomu yake mapema, shamba likiwa bado lina nyayo. Usipojua, utabaki kusema "pole" mpaka neno lichakae.

Kuna mradi mmoja wa huko naupenda kwa sababu unaonyesha kiongozi anavyofikiri. Amy Dickman aliuanzisha mwaka 2009 ukiitwa Ruaha Carnivore Project, leo uko ndani ya shirika la Lion Landscapes. Vijiji vinapewa kamera za kutega, vinaziweka kwenye ardhi yao, na kila mnyama anayepigwa picha ana pointi. Pointi zinageuka huduma za afya, elimu na mifugo. Tazama kilichofanyika: mnyama aliyekuwa hasara tupu anakuwa na sababu ya kupita salama, na wanaosimamia kamera ni wanakijiji. Jambo kama hilo hulipati kwa kukaa mtini na darubini. Linatoka kwa mtu aliyesikiliza malalamiko miaka mingi bila kukasirika.

Miaka mingi, ndiyo. Andiko la mradi ni la miezi 24, lakini mnyama hasomi andiko. Chura wa Kihansi, yule mdogo anayezaa vifaranga hai, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la Udzungwa ambako bwawa la umeme lilikuwa linajengwa. Maji yalipochepushwa, manyunyu ya maporomoko aliyoyategemea yakapungua, wakafungiwa mabomba ya kunyunyizia. Mwaka 2000 wakachukuliwa 499 kupelekwa Marekani kwenye bustani za wanyama. Idadi ya waliobaki iliporomoka 2003, ugonjwa wa kuvu ukiwepo. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Kizazi cha wale waliosafirishwa kilirudi Dar es Salaam 2010, na Desemba 2012 wakaachiwa tena korongoni. Miaka kumi na miwili! Fikiria ni maandiko mangapi, ni wakurugenzi wangapi, vikao vingapi vya bajeti ambamo mtu alilazimika kueleza kwa nini chura wa ukubwa wa ukucha anahitaji fedha tena mwaka huu. Ukimwona bosi wako wa Iringa au Mbeya ana macho mekundu mwezi wa kuomba fedha, mpelekee chai.

Fedha sasa, kwa kifupi. Rejesha masurufu ndani ya siku ulizopewa. Ukinunua kamba gulio ambako hakuna risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mwandikishe muuzaji hati, jina, namba ya simu, sahihi. Shirika linaripoti kila mwaka kwa Msajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, hesabu zikiwa zimekaguliwa, na risiti yako ya elfu nane iliyopotea itasomwa na bodi nzima mbele ya mkurugenzi. Najua, nimekaa kwenye kile kiti.

Juu ya waanzilishi nitasema kidogo, ingawa wengine watanuna. Baadhi ya mashirika ya huku yalizaliwa na mtafiti aliyekuja kufanya shahada ya uzamivu akashindwa kuondoka. Mtu wa namna hiyo anapenda kila mti, na ndiyo nguvu yake, ila anaweza kutaka kusaini hata vocha ya mkaa. Nimefanya kazi chini ya mmoja. Alikuwa hajachukua likizo miaka sita na kila nywila ya ofisi ilikuwa kichwani mwake. Alipougua malaria, mishahara ilichelewa wiki mbili. Kwenye usaili nawe una haki ya kuuliza: mkurugenzi akisafiri, nani anasaini? Wakitazamana, umepata jibu.

Mama alijibu swali hilo kwa vitendo. Miaka miwili kabla ya kustaafu alianza kukaa pembeni kwenye vikao vya wilaya na kumwacha msaidizi wake, kijana wa Makete, azungumze, hata pale alipokuwa anakosea. Niliona anavyojibana asidakie. Alikuwa anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili, anakitazama.

Mengine ni madogo. Kitulo iko juu, tambarare yake inafika mita 2,600 na zaidi, na Juni na Julai asubuhi utakuta majani meupe kwa jalidi, kwa hiyo tafuta koti zito la mtumba soko la Mwanjelwa, Mbeya, kabla ya safari, siyo baada. Gambuti nunua namba moja zaidi ya mguu wako, upate nafasi ya soksi mbili. Zile za stoo usizitegemee. Za mguu wa kushoto zimezidi za kulia, tangu nilipokabidhiwa ule ufunguo.