p imetoka 0.08: niongeze washiriki?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa tatu, nasoma saikolojia. Nimefanya jaribio la washiriki 40: 20 walikariri orodha ya maneno 30 kwenye ukimya, 20 wengine wakakariri huku muziki unapigwa. Wa ukimya wamekumbuka maneno 1.7 zaidi kwa wastani, mchepuko sanifu ni 3 kila kundi, lakini p ni 0.08. Mwenzangu anasema niongeze watu 10 kila kundi. Mwingine anasema niwatoe wanne wanaoniharibia wastani. Kuna bwana anayefanyia watu uchambuzi kwa malipo, ameahidi kuishusha p chini ya 0.05 kwa siku mbili. Idara nayo inataka usajili wa awali. Naweza kusajili sasa, kabla ya kuwasilisha?

Jibu: Marahaba. Nianze na la mwisho: hapana. Usajili wa awali ni maandishi yenye tarehe yanayoonyesha ulikusudia kupima nini, na vipi, kabla hujaona data. Ukisajili leo huku matokeo unayajua, unadanganya kwa muhuri. Mweleze msimamizi wako kwamba data ilikusanywa kabla ya usajili, na kwenye tasnifu uandike hivyo hivyo.

Sasa hiyo 0.08. Kila msimu wa tasnifu swali hili hurudi, na mzizi wake ni uleule: wanafunzi wameaminishwa kwamba 0.05 ni alama ya kufaulu, aliyeikosa arudie mtihani. Siyo. p yako inasema hivi: ikiwa kwa kweli muziki haubadilishi chochote, majaribio ya namna hii yangetoa tofauti kubwa kama yako au zaidi kama mara 8 katika kila 100. Haisemi kwamba nadharia tete yako ina uwezekano wa 92% kuwa kweli, wala haisemi kwamba umefeli.

Tazama tofauti yenyewe. Ni maneno 1.7, na masafa ya uhakika ya 95% yanaanzia takriban -0.2 hadi 3.6. Maana yake data yako inakubaliana na hali ya kutokuwepo tofauti yoyote, na inakubaliana vilevile na tofauti ya maneno matatu na nusu. Hilo ndilo tokeo lako, liandike kwa uwazi. Na sababu yake iko kwenye idadi, haiko kwenye uchambuzi: kwa watu 20 kila kundi, hata kama athari halisi ni ya wastani (d = 0.5, yaani tofauti ni nusu ya mchepuko sanifu, kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika), uwezekano wa kuinasa ni kama 34% tu. Tatizo lilikuwepo kabla mshiriki wa kwanza hajaketi.

Ushauri wa mwenzako wa kuongeza 10 unasikika kama bidii, ndiyo maana unawanasa wengi. Kinga ya 0.05 ni ya kuchungulia mara moja. Ukichungulia, ukakosa, ukaongeza watu, ukachungulia tena, umejipa nafasi mbili za kukosea. Mwaka 2011 watafiti Simmons, Nelson na Simonsohn waliiga kwa kompyuta jambo hilohilo, watu 20 kila kundi kisha 10 zaidi pale p ilipokataa kushuka chini ya 0.05: matokeo ya uongo yakapanda kutoka 5% hadi 7.7%. Unaweza kuona ni kidogo. Lakini hakuna anayeishia hapo. Walipochanganya hilo na kuchagua kati ya vipimo viwili, kuingiza jinsia kwenye uchambuzi, na kuacha kundi moja kati ya matatu, matokeo ya uongo yalifika 60.7%. Hakuna namba hata moja iliyoghushiwa. Ni uchaguzi mdogo mdogo, kila mmoja na kisingizio chake.

Kuchungulia njiani kunaruhusiwa ukiwa umekupanga mapema na umekubali kizingiti kikali zaidi: kwa utaratibu wa mwanatakwimu Pocock wa kuchungulia mara mbili, kila mara kizingiti ni 0.0294. Hukupanga, kwa hiyo mlango huo umefungwa kwa jaribio hili.

Na wale wanne? Jiulize kama ungewatoa iwapo wangekuwa wanakuinulia wastani. Kanuni ya kumtoa mshiriki huandikwa kwa namba na bila kujua yuko kundi gani: aliyeacha zaidi ya nusu ya kazi, aliyekosea maswali mawili ya kupima umakini. “Ameniharibia wastani” si kanuni.

Ukipata muda, fanya jaribio la pili na ulisajili kwanza kwenye OSF au AsPredicted, tovuti za usajili wa awali. Andika mwelekeo unaoutarajia, kipimo kimoja kikuu, idadi ya watu na lini utaacha kukusanya, kanuni za kutoa washiriki, na jina kamili la jaribio la kitakwimu. Usipange idadi kwa d ya 0.57 uliyoipata sasa, maana makadirio ya sampuli ndogo huyumba sana. Chagua athari ndogo kabisa ambayo ungejali kuiona. Kwa d = 0.5, nguvu ya 80% (uwezekano wa kuinasa athari iliyopo) na p ya pande mbili, unahitaji watu 64 kila kundi, kwa 0.4, watu 100.

Nimemwacha kwa makusudi yule bwana wa siku mbili. Anayeahidi p kabla hajafungua faili hafanyi uchambuzi, anauza. Atageuza majaribio ya kitakwimu, atagawa kwa jinsia, na akishindwa atagusa namba. Namba zilizoguswa husema. Maneno yanayokumbukwa ni namba kamili, kwa hiyo wastani wa watu 20 lazima uangukie vipande vya 0.05: 14.35 inawezekana, 14.37 haiwezekani kabisa. Vivyo hivyo t, namba ambayo p hukokotolewa kutoka kwayo, ikiwa 1.79 yenye digrii huru 38 (washiriki 40 kasoro makundi mawili), haiwezi kuzaa p ya 0.03, na mtahini anahitaji dakika moja tu kulijua hilo.

Biashara hii inaharibu zaidi ya tasnifu moja. Mwaka 2015 tafiti 100 za saikolojia zilirudiwa kwa pamoja. 97% ya zile za awali zilikuwa na p iliyo chini ya 0.05, katika marudio ni 36% tu. Njia za mkato za namna hii ni miongoni mwa sababu zinazotajwa, na wanaodhurika ni wale wanaojenga tiba na ufundishaji juu ya matokeo hayo.

Ukihitaji msaada wa takwimu kweli, weka kwanza nakala ya faili ghafi isiyohaririwa na mtu yeyote, kisha mpe msaidizi nakala nyingine bila majina, namba za simu wala barua pepe za washiriki. Mdai faili la amri zote alizoandika, tangu kusoma data hadi jedwali la mwisho, na uziendeshe mwenyewe juu ya faili ghafi. Namba zikitoka tofauti na alizokuletea, usiziweke kwenye tasnifu.