Usimruhusu fundi aguse gitaa la babu yako

Mpigie fundi huyo simu sasa hivi umwambie asije na msasa wake. Umeuliza gitaa la kampuni ya Framus aliloacha marehemu babu yako lina thamani gani, na kama uliuze hapa Dodoma au ulipeleke Dar es Salaam, kisha mwishoni ukagusia, kana kwamba ni jambo la kupita tu, kwamba Jumamosi seremala wa Majengo atalikwangua na kulipaka rangi upya ili lipendeze kwenye picha. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa kitandani.

Mimi niliachiwa na mjomba wangu gitaa la umeme la kampuni ya Fender, aina ya Stratocaster, alilopigia muziki wa dansi katika miaka ya 1970. Rangi yake ilikuwa imepasuka nyufa nyembamba kama udongo wa mbuga za Bahi wakati wa kiangazi, na pale mkono wake ulipokuwa ukiegemea palibaki mbao tupu. Bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa ala za muziki, utaalamu ambao hadi leo sijui aliuokota wapi, aliliangalia kwa dakika tano akatangaza kwamba gitaa chakavu haliuziki, na kwamba likipakwa rangi mpya bei yake itapanda mara tatu. Fundi seremala aliniletea yeye mwenyewe. Baadaye nilikuja kujua kwamba fundi huyo ni shemeji yake.

Seremala simlaumu sana, kwa sababu milango yake ni mizuri na alifanya kile nilichomlipia shilingi 60,000 akifanye. Alilikwangua gitaa lote, akalipaka vanishi inayong'aa kama kabati la bibi harusi, na kwa kuwa ni mtu mwenye bidii, akaifungua shingo na kuipiga msasa hata ule upande wa chini unaojificha ndani ya kiwiliwili. Hapo ndipo palipokuwa na mhuri wa wino wenye mwezi na mwaka ilipotengenezwa shingo hiyo, kwa maana Fender ya miaka ile ilikuwa na desturi ya kugonga mhuri mahali hapo. Niliuona mara moja tu, fundi alipokuwa akinionyesha jinsi mbao ilivyo chafu, nami nikamwambia asafishe. Naam, niliagiza mwenyewe, na nilisimama pembeni nikinywa soda.

Mtaalamu wetu hakutosheka. Vitufe vya kurekebishia sauti vilikuwa vikikwaruza, jambo ambalo mara nyingi huisha kwa kupulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, lakini yeye aliking'oa kila kilichokuwa chini ya vitufe hivyo, akaweka vipya na kutupa vya zamani. Kwenye vifaa vile vya zamani huwa kuna tarakimu zinazosomeka: 1376633, kwa mfano, maana yake ni kwamba 137 ni namba ya CTS, kiwanda kilichokitengeneza kifaa hicho, 66 ni mwaka 1966, na 33 ni wiki ya mwaka huo. Tarakimu hizo hazithibitishi kwamba gitaa liliundwa wiki hiyo, kwa kuwa Fender iliendelea kutumia shehena ya mwaka 1966 kwa miaka kadhaa, ila zinathibitisha kwamba kifaa hicho si cha kabla ya hapo, na risasi ya kuchomelea ambayo haijaguswa huonyesha kwamba hakuna aliyechokonoa humo ndani. Ushahidi huo wote uliishia jalalani.

Mnunuzi wa Ujerumani aliniomba picha tatu: chini ya shingo, ndani chini ya vitufe, na bamba la chuma la nyuma. Mimi, kwa majivuno, nilimtumia picha kumi na mbili za vanishi. Alinijibu kwa upole wa mtu anayetoa pole msibani, akaniambia kwamba gitaa la Fender la miaka ile likishapakwa rangi upya huuzwa kwa takriban nusu ya bei ya lenye rangi yake ya kiwandani, na kwamba langu, kwa kuwa limepoteza na vielelezo vyake, lingeshuka chini ya hapo. Nilichobaki nacho ni lile bamba lenye herufi kubwa F, herufi ambayo peke yake inasema tu kwamba bamba limetoka kati ya mwisho wa mwaka 1965 na 1976. Ni sawa na kumtambulisha mtu kwa kusema alizaliwa enzi za Mwalimu.

Kwa hiyo usikwangue, usipake, usibadilishe hata skrubu, na wala usimsikilize mtu yeyote anayetaka kulitengeneza kabla hajakwambia ni la mwaka gani na amejuaje. Framus lako lina bahati: tafuta namba yake, na ukiona tarakimu mbili zilizotengwa peke yake, pengine zikifuatwa na herufi, hizo mbili ni mwaka na herufi ni mwezi, A ikiwa Januari. Piga picha namba hiyo na nyufa zote zilivyo, pamoja na vumbi lake.

Gitaa la mjomba sasa linaning'inia sebuleni kwangu, mtaa wa Kisasa, na wageni hunipongeza kwa kununua gitaa jipya.